Mheshimiwa Anavyotembea

Siku mliponiaga jukwaani, pale ukumbi wa Nyakuron, nyinyi vijana mnaorekodi vichekesho kwa simu, mliniomba niwaandikie namna ya kuchekesha watu. Nimejaribu nikashindwa. Kuchekesha hakuandikiki. Nitaandika kuhusu kazi yenyewe: nilivyoianza, aliyenifundisha, vyombo nilivyotumia, na ile miaka ambayo kuiga maneno ya mtu wa kabila lingine hapa Juba kuligeuka jambo la kumtoa mtu roho. Habari za vyeo mtanisamehe. Katika kazi yetu ukipanda sana umepanda juu ya kreti za soda.

Naandika kwa Kiswahili makusudi. Jukwaani nilicheza zaidi kwa Kiarabu chetu cha Juba, lakini ukikiandika, msomaji anaanza mstari wa kwanza kupekua umetoka upande gani. Kiswahili hapa hakina mwenyewe. Tulikibeba kutoka Uganda na Kenya pamoja na magodoro na masufuria. Kwa sababu hiyo hiyo makabila sitayataja. Tangu vita vianze sote tumetajwa vya kutosha.

Langu naweza kulisema: mimi ni mtu wa Kajo-Keji, mpakani na Uganda. Vita vya zamani vilitusukuma hadi Uganda, kwenye makazi ya wakimbizi upande wa Adjumani, na huko ndiko nilikopewa jina la Fasulia, yaani maharagwe. Maharagwe yalikuwepo kila siku, na mimi pia.

Niliingia kwenye kikundi cha Mama Poni kama mpigaji wa adungu, kinubi cha huko. Yeye alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, na alikuwa anaongoza waimbaji wa kanisa pamoja na wachekeshaji, jambo ambalo katekista hakulipenda. Adungu yangu niliichonga mwenyewe, nikaiwamba ngozi ya mbuzi na kufunga nyuzi za nailoni za kuvulia samaki. Sikilizeni hili kwanza, maana ni la maana kuliko mzaha wowote: mvua ikinyesha ngozi inalegea na adungu inalia kama mtu mwenye mafua. Ikausheni kwenye moto wa makaa kabla ya kupanda jukwaani, na msimwachie mtu mwingine kazi hiyo.

Siku yangu ya kwanza, kati ya nyimbo mbili, nilimwiga muuza mkaa mmoja, mwenyeji wa pale, aliyekuwa akikohoa kila alipotaja bei. Watu walicheka mpaka wakashikana. Nilidhani nimefika. Tulipomaliza, Mama Poni akanishika mkono wa shati.

"Ile mzee umemfanya muzuri," akasema. "Sasa twende, mwenyewe aone."

"Mama, mwenyewe atanipiga."

"Akipiga, basi iko mbaya. Mimi sijapika mchuzi hata siku moja bila kuonja."

Akanipeleka hadi kwa yule mzee. Tulimkuta ameketi juu ya gunia, uso umefungwa. Nikamwiga pale pale mbele yake, miguu ikinitetemeka. Mkewe, aliyekuwa nyuma ya mlango, ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akatoka nje akijifuta macho. Ndipo mzee akasema, polepole, "Wewe nakosea. Mimi nakohoa kwanza, halafu nangoja, halafu nataja bei. Ukikohoa na kutaja pamoja, mtu nasikia kikohozi, bei hapana sikia." Nikafanya alivyosema, naye akacheka. Mzaha ukawa mzuri mara mbili.

Hiyo ndiyo sheria ya Mama Poni, tuliiita kuonja. Unayemwiga lazima awepo, na kicheko cha kwanza kitoke kwake au kwa mtu wa damu yake au wa nyumba yake. Asipotokea wa kucheka kati yao, mzaha unazikwa. Wengi walidhani ni adabu ya kanisani. Mimi niliikuta ni ufundi, kwa kuwa hakuna anayejua kikohozi kuliko mwenye kifua.

Amani ilipokuja tulirudi nchini, tukafikia Juba. Mama Poni akafungua sehemu ya chai mtaa wa Hai Cinema, turubai moja na mabenchi, na hapo ndipo palipokuwa jiko letu la kuonjea. Walikuja waendesha boda kutoka Uganda, makarani wa wizara, askari, wachungaji, wauza simu. Kila mzaha wangu wa miaka ile ulipita kwenye mabenchi yale kabla ya kufika jukwaani. Spika zetu zilikuwa zikitengenezwa Hai Mauna na fundi Okello, Mganda mchomeleaji ambaye angeweza kutoa sauti hata kwenye birika. Alinifundisha kuweka jenereta mbali, upande upepo unakoelekea, na kuijaribu maikrofoni kwa kupiga chafya, kwa sababu kila mtu hugeuka kutazama. Fanyeni hivyo.

Mwenzangu wa jukwaani, Antena, nilimpata kwenye mabenchi hayo hayo. Nilikuwa namwiga mzee mfugaji wa kabila lake, namfanya anapayuka na kurusha mikono, na benchi zima linacheka isipokuwa yeye, mtu mrefu aliyekunja miguu kama kiti cha kukunja. Alikuwa amekulia kambini Kenya.

"Buda, wacha," akaniambia. "Wazee wetu hawaongeagi hivyo. Mjomba wa kwetu akikuja, ananyamaza. Ananyamaza mpaka wewe mwenyewe unaanza kukiri makosa yenye hujafanya."

"Nionyeshe."

Akainuka, akanitazama kutoka juu, akanyamaza. Baada ya muda mfupi nilikuwa tayari kuomba msamaha. Tangu siku ile tukafanya kazi pamoja.

Igizo letu lilikuwa *Posa*. Watu wa Antena wanakuja kuposa binti wa watu wangu. Siri yake ilikuwa kubadilishana: mimi mfupi nilicheza mjomba wake, na fimbo iliyonipita kimo, nikimuaga kila ng'ombe wa mahari kwa jina na machozi. Yeye alijikunja na kucheza baba wa Kajo-Keji, bahili, anayeuliza kama ng'ombe wanaweza kulima muhogo. Sehemu yangu aliionja yeye na shangazi zake, sehemu yake niliionja mimi. Katikati niliimba, naye akaitikia kwa sauti nene iliyowafanya watoto watazame chini ya meza.

Siku ya uhuru, mwezi wa Julai, tulicheza juu ya lori. Jua lilikuwa kali, bendera kila mahali, wimbo wa taifa bado mgeni kiasi kwamba watu wazima walikuwa wakitikisa midomo tu na kuishika kwa nguvu sehemu ya mwisho. Tuliwaiga wakitikisa midomo, wakacheka. Tukacheza *Posa*, na mbele ya lori nikaona watu wa Antena na watu wa upande uliokuja kupigana nao baadaye, na wangu, na Waganda wa sokoni, wote vinywa wazi. Nililia, sitaficha. Nilidhani kazi yetu imekwisha na tumeshinda.

Desemba ya mwaka wa pili baada ya pale, risasi zikaanza. Zilipoanza kusikika mitaani, watu waligongewa milango na kusemeshwa lugha ya waliogonga, na aliyeshindwa kujibu hakuhitaji kuulizwa tena. Mdogo wake Antena alitolewa nyumbani kwao Hai Mauna na hakurudi. Antena mwenyewe alijificha chumbani kwangu, nyuma ya spika, mpaka jirani yangu mwenye lori la maji alipokubali kumchukua. Alisafiri ndani ya tangi tupu, amejikunja, hadi kwenye lango la kambi ya Umoja wa Mataifa. Okello akarudi Uganda kwa basi la kwanza lililopita. Nilibaki na adungu, fimbo ya mjomba, na hasira ambayo haikuwa na pa kukaa.

Sasa nakuja kwenye kesi ngumu, mliyokuwa mnaniuliza kila mara mkinywa bia zangu.

Miezi ilipita. Mji ukaanza kujifanya mzima. Alasiri moja mtu mkubwa mmoja, wa upande wa waliogonga milango, akaja kwa Mama Poni, akaketi. Nitamwita Mheshimiwa, ndivyo alivyopenda. Alikuwa anatembea na kijana wa kumbebea kiti nyuma yake, na kiti hicho hakukitazama hata siku moja: alikuwa anakaa tu, kiti kikajileta.

"Ya Fasulia," akasema. "Watu iko na huzuni. Nina sherehe nyumbani, nataka watu wacheke. Lete ile ya *Posa*."

"Antena hayuko, Mheshimiwa."

"Nani nataka Antena? Mimi nataka mjomba. Na umuongezee. Mfanye mjinga, mjinga kabisa. Sasa hakuna mtu wa kukasirika."

Alisema hivyo akikoroga chai, kwa upole. Watu wa mjomba walikuwa nyuma ya seng'enge ya kambi, na yeye aliliona hilo kama nafasi nzuri ya kucheka. Alipoondoka, Mama Poni alikuwa bado anasuuza vikombe.

"Mwenyewe iko wapi?" akauliza.

"Kambini."

"Basi peleka kambini waonje. Wakicheka, cheza. Wasipocheka, mwambie Mheshimiwa mafi, hakuna."

Nikapanda boda, fimbo mkononi. Kambini tope lilifika vifundoni, mahema yamebanana, na watu niliozoea kuwaona na mashati ya pasi walikuwa wamepanga foleni na madumu. Antena alikuwa amekonda. Watu wakamjua Fasulia, wakakusanyika, na kabla sijafungua mdomo wakaanza kusema wanachotaka. Hawakutaka mjomba. Walitaka niwaige wale wa upande wa pili, waliokuja milangoni.

"Siwezi," nikasema. "Hawapo hapa."

"Ndio maana," Antena akasema. "Fanya, kaka. Tuchekeshe na hao. Wamekula mdogo wangu."

"Sheria unaijua."

"Sheria ya nani? Wao waliniuliza sheria? Wewe unaogopa, basi. Unalala kwako, unakunywa chai na hao, unakuja hapa kunionyesha sheria."

Ilinichoma. Nilikuwa tayari kuachana na sheria, Mama Poni na mchuzi wake, ilimradi Antena anitazame kama zamani. Nilifungua mdomo. Nilichokuwa nacho cha watu wale kilikuwa kelele na mikono ya kurusha, kama nilivyowahi kuwafanya watu wake kabla hajanirekebisha.

"Nikiwaiga," nikamwambia, "nitawaiga wakiwa wanatazama."

"Basi enda uwaige wakiwa wanatazama," akasema, akanipa mgongo. "Usipofanya hivyo, usirudi hapa."

Nikaenda kwenye sherehe. Ilikuwa uani, mchana mweupe, mahema na viti vya plastiki, nyama inachomwa. Nilipanda na adungu na fimbo, na tayari wanaume wa mbele walikuwa wakipiga kelele, "Mjomba! Mjomba!" Nilipiga wimbo mmoja, nikaiweka adungu chini, nikailaza fimbo pembeni. Kisha nikatembea.

Nilitembea kama Mheshimiwa. Hutembea amekaa kidogo, magoti yameshakubali kiti ambacho bado kiko nyuma. Huweka sikioni simu ambayo haijalia na kusema, "Ndiyo, ndiyo, nimesema ndiyo," huku akimtazama anayetaka amsikie. Nilipita safu nzima ya mbele hivyo, nikasalimia watu kwa vidole viwili kama anavyosalimia, nikafika katikati, nikakaa bila kutazama nyuma. Kiti hakikuwepo. Nikabaki hewani, nimekaa, nikijibu simu, mapaja yakiwaka moto. Nimezeeka, lakini sijawahi kukaa hewani muda mrefu namna ile.

Hakuna aliyecheka. Nilisikia mafuta ya nyama yakidondokea makaa. Walinzi walikuwa wakimtazama Mheshimiwa wajue wafanye uso gani, na Mheshimiwa alikuwa ananitazama mimi. Aliinua vidole viwili, vile vile, na watu wakanichukua.

Ofisi walikonipeleka sitaitaja. Niliwekwa kwenye benchi, adungu yangu ikawekwa mezani kama kielelezo. Nilimfikiria Antena, na kwa mara ya kwanza tangu Desemba nilikuwa nimetulia. Waje wanipige, nikasema moyoni, nimefanya wakiwa wanatazama. Afisa aliyekuja alikuwa mtu wa makamo, mchovu, shati limefungwa hadi shingoni.

"Wewe ndio umetukana Mheshimiwa?"

"Sikutukana. Nilitembea."

"Ulitembea namna gani?"

"Siwezi kueleza."

"Basi onyesha. Mimi lazima nijue nini naandika."

Nikainuka. Nikatembea kutoka dirishani hadi kabatini. Nikajibu simu. Nikasalimia kwa vidole. Nikakaa hewani. Afisa alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja, na mabega yake yalikuwa yakitikisika. Akaenda mlangoni, akaita kwa lugha yao, wakaingia wengine wanne au watano, bunduki begani.

"Fanya tena," akasema.

Nikafanya tena. Mmoja aliegemea ukuta akateleza hadi sakafuni. Mwingine, kijana aliyekuwa amenisukuma garini, alilia machozi kabisa. Afisa alijaribu kukunja uso, ukakataa.

"Huyo ni baba yangu mdogo," akasema alipopata pumzi. "Tangu kule kijijini iko hivyo. Kiti kilikuwa hakipo hata kule. Alikuwa anakalia sisi."

Waliniacha niende jioni hiyo, na adungu yangu, na onyo la kutopanda jukwaa mjini mpaka nitakapoitwa. Sikuitwa. Redio nayo ikasahau namba yangu. Nilicheza kwenye harusi za uani, kwenye maombolezo ya kuondoa matanga, kwenye gereji za Hai Mauna, na kila mahali nilitembea ule mwendo, kwa kuwa sasa ulikuwa umeonjwa: mtu wa damu yake alikuwa amecheka kwanza. Mara mbili waliniita kunionya. Mara zote mbili waliniomba nionyeshe.

Nilirudi kambini nikiwa na furaha ya kipumbavu. Watu wakakusanyika, nikatembea, nikakaa hewani, na kambi ikacheka mpaka askari wa Umoja wa Mataifa wakaja kuona kuna nini. Antena hakucheka. Alingoja watu watawanyike.

"Nani alicheka kwanza?" akauliza.

"Askari wao. Mtoto wa kaka wa mwenyewe."

Akanyamaza. Safari hii hakuwa anaigiza mjomba.

"Wewe umemfanya mtu," akasema mwishowe. "Mimi nilitaka umfanye mnyama."

"Mnyama siwezi, Antena. Nikimwiga mtu lazima nimtazame vizuri."

"Mimi bado siwezi kumtazama."

"Najua."

"Usiniambie unajua."

Alikuwa na haki. Sikujua. Mdogo wangu mimi alikuwa hai. Lakini sikukubali kumwacha pale kwenye neno hilo, na sikukubali vita viondoke na rafiki yangu baada ya kuondoka na kila kitu kingine. Nilimwambia nitarudi Jumamosi nitembee tena. Akasema nisijisumbue. Nikarudi Jumamosi.

Vita vya pili vilikuja mjini na kupita, Mama Poni akarudi Uganda na kufia huko, amani ikasainiwa, ikavunjika, ikasainiwa tena. Mheshimiwa alipoteza cheo, nikarudi jukwaani Nyakuron bila kuitwa, na kijana wa kiti akapata kazi kwingine. Nyumba ya Antena Hai Mauna inakaliwa na watu wasiomfungulia mlango, kwa hiyo bado anaishi kule kule kambini, ambako mahema yamegeuka mabati. Mimi magoti yamekwisha, ndiyo maana mliniaga. Kukaa hewani sasa ni sekunde chache na lazima nishike nguzo. Lakini jukwaa la Nyakuron ndilo nililoliacha. Kwa Antena sijastaafu. Kila Jumamosi napanda boda, nafika mlangoni kwake, natembea kama Mheshimiwa kutoka kwa jirani hadi kwenye ndoo yake ya maji, nakaa hewani, naondoka. Miaka yote hii ananitazama na uso mkavu. Majirani wanacheka, watoto wananiigiza mimi nikimwigiza Mheshimiwa, naye ananiwekea chai.

Mlipoona video zenu zimependwa na watu wengi kwa sababu mmewacheka wasiokuwepo, mlinionyesha mkidhani nitafurahi. Sikufurahi. Hiyo naweza kumfundisha kasuku. Nendeni kwao. Simameni mbele yao na miguu itetemeke. Wakiwapiga, mtakuwa mmepigwa mkifanya kazi.

Jumamosi iliyopita sikwenda. Nilikuwa na malaria, nimelala chini ya mablanketi mawili na meno yanagongana. Mchana simu ikalia. Ilikuwa namba ya Antena, ambaye kwa miaka yote hii hajawahi kunipigia.

"Fasulia," akasema. "Nimekaa mlangoni tangu asubuhi. Mheshimiwa hajapita."

Nikasukuma mablanketi, nikaanza kutafuta viatu.